Jumapili ya Posa Mbili

Marisa Scalzetti alikuwa na kiapo kimoja, vyuo viwili na siku sita.

Mambo yenyewe alikuwa ameshayaeleza mezani mara nne bila kueleweka. Vile vyuo vikuu vya kuringa, vinavyokataa watu tisa katika kila kumi, vina mlango wa mapema. Anayeingilia hapo huangaliwa kwa jicho la upole kidogo kuliko anayengoja Januari. Lakini mlango ni mmoja tu, huwezi kubisha hodi kwenye miwili, na kabla ya kubisha unaapa: mkinikubali nakuja, wengine wote nawaaga. Mwanafunzi anatia saini, mzazi anatia saini, na mwalimu mshauri wa shule anatia saini. Mwisho wa kutuma ni tarehe mosi Novemba.

"Hiyo ni posa," alisema Nonna Assunta, bibi yake mzaa baba, akimenya kitunguu saumu.

"Si posa, Nonna. Ni maombi ya chuo."

"Unaahidi mmoja?"

"Ndiyo."

"Akikutaka, unakwenda?"

"Ndiyo."

"Na baba yako anatia saini?"

"Anatia."

"Posa," alisema Nonna, akatupa kitunguu kwenye mafuta. "Mimi nilichumbiwa kwa karatasi chache kuliko hizo."

Lou, baba yake Marisa, hakucheka. Yeye alikuwa dereva wa lori la kusukuma theluji la mji wa Tillbrook, miaka ishirini na miwili kwenye usukani, na katika maisha yake hakuwahi kutia saini kitu ambacho hakijabandikwa bei. "Hata gari la mtumba nauliza bei kwanza," alisema. "Hawa wanataka niape, halafu ndipo waniambie ni kiasi gani. Nani aliyebuni mambo haya? Si mtu mwenye mkopo wa nyumba, hilo nakuhakikishia."

Walikuwa wamejaza zile fomu za kukadiria ada kwenye tovuti za vyuo vyote viwili, jioni tatu mfululizo, wakitafuta karatasi za kodi ndani ya boksi la viatu. Makadirio yakatoka karibu sawa. Tofauti ilikuwa dola mia tatu kwa mwaka, bei ya matairi mawili ya gari la mama. Kwa hiyo hata pesa, ambayo katika nyumba hiyo ndiyo ilikuwa mwamuzi wa kila jambo, safari hii ilikataa kuamua.

Chuo cha kwanza kiliitwa Aldenbury. Mwendo wa saa moja na nusu kwa gari, kando ya ziwa, majengo mekundu, na nembo ya mnyama nyegere anayecheka. Darlene, mama yake Marisa, aliyekuwa mpakuzi wa chakula kwenye kantini ya shule, alishakipima chuo hicho kwa kipimo chake mwenyewe. "Saa moja na nusu," alisema, "supu inafika bado ya moto."

Cha pili kilikuwa Wexcombe. Saa tano kwa gari, juu kwenye vilima, majengo ya mawe, na mnyama hakuna. Supu ya kufika huko ni ya barafu.

Asubuhi Marisa aliamka mtu wa Aldenbury. Kufika jioni, alikuwa wa Wexcombe. Katikati, kazini kwake kwenye duka la mikate, aliwahi kumfungia mteja keki mbili badala ya moja, akimwambia, "Samahani, bado sijaamua."

*

Jumapili hiyo alitoka dukani saa sita na nusu mchana, unga umejaa kwenye nyusi, akakuta meza imetandikwa kitambaa cha Pasaka. Sahani zilikuwa sita. Wao nyumbani walikuwa wanne.

"Nonna, nani anakuja?"

"Wachumba."

"Wachumba gani?"

Nonna alikuwa anapanda ngazi kutoka kwenye jiko la chini ya nyumba. Jiko la juu la nyumba hiyo lilikuwa la kutazamwa. La kupikia lilikuwa lile la chini, kama katika kila nyumba ya mtaa ule. Alibeba bakuli la tambi nene za kuku na pilipili, kubwa kama beseni la kuogeshea mtoto. "Wale walioandika kwenye tableti ya nyumbani, ile yenye baruapepe yako. Mmoja Jumanne, mwingine Alhamisi. Wanasema ni wa vyuo vyako, wanataka kukutana nawe mahali kwa kahawa. Kahawa! Mtu anakuja kumtazama binti yetu, halafu akanyweshwe kahawa dukani kama polisi? Nikawajibu."

Marisa alishika kiti. Alikuwa ameomba usaili kwa vyuo vyote viwili. Kila chuo humtuma mmoja wa watu waliosoma pale zamani, aongee na mwombaji, kisha aandike barua ya siri. Alikuwa akiingoja baruapepe yao wiki nzima, akidhani amesahaulika.

"Uliwajibu nini?"

"Njoo Jumapili saa saba mchana. Ndipo tunapokula. Usile kwanza."

"Wote wawili? Saa ile ile?"

"Unajua saa nyingine ya kula Jumapili?"

"Nonna! Kila mmoja ataniuliza kama chuo chake ndicho ninachokitaka kuliko vyote!"

"Vizuri," alisema Nonna, akifuta mikono kwenye aproni. "Waonane. Mchumba akijiona yuko peke yake huja na mikono mitupu."

Kilichofuata kilikuwa dakika ishirini na tano za wazimu. Darlene alikusanya nguo zilizoanikwa sebuleni, akazisukumia kwenye tanuri la jiko la juu, kwa kuwa halijawashwa tangu walinunue. Lou alitambaa kutoka chini ya gari la mkewe akiwa na grisi hadi kwenye viwiko. "Nivae nini?" alipiga kelele. "Shati!" alijibu Darlene. "Lipi?" "Unalo moja, Lou, hilo hilo!" Marisa alicheka mpaka akakaa sakafuni, maana kulia kungechukua muda mrefu zaidi. Kengele ikalia.

*

Bi Prudence Ackley alifika saa saba kamili. Alikuwa wakili, mwembamba, koti la kijivu, daftari dogo mkononi. Alikaribishwa kwenye sofa ambalo Nonna alilivisha plastiki tangu siku lilipoingia nyumbani, na alipokaa, plastiki ililia vibaya. Bi Ackley akatulia, asithubutu kusogea tena.

Daktari Kip Vandermolen alifika saa saba na dakika tano, tai yenye nyegere shingoni, nyegere wa kuchezea wa manyoya mkononi. Alikuwa daktari wa kunyoosha meno, mkubwa, mwekundu, mwenye kicheko kilichotangulia kuingia ndani kabla yake. "Harufu gani hiyo!" alisema mlangoni. Nonna alimpenda papo hapo.

Kisha Daktari akaiona beji ndogo ya fedha kwenye koti la kijivu. "Wexcombe?"

Bi Ackley aliiona tai. "Aldenbury?"

Wote wakamgeukia Marisa, aliyesimama kama mtu aliyekutwa na funguo za nyumba mbili.

"Sikuelewa kwamba huu ni usaili wa pamoja," alisema Bi Ackley polepole.

"Si usaili," alisema Nonna. "Ni chakula. Kaeni."

Wakakaa. Daktari alijipakulia kama mtu wa nyumbani. Sahani ya kwanza ilikwisha akisimulia ziwa la Aldenbury, jinsi wanavyojitosa ndani ya maji siku ya theluji ya kwanza. Sahani ya pili ilikwisha akisimulia marafiki aliowapata kule, mmoja akamtafutia mke, mwingine akamtafutia kliniki. "Ukiwa mtu wa Aldenbury," alisema, "huwi peke yako tena maisha yako yote!"

"Kula, Daktari, kula," alisema Nonna, uso unang'aa.

"Na tabasamu zuri kiasi hiki!" alisema Daktari, akimnyooshea Marisa uma. "Pengo hilo la mbele, unajua, ni kazi ya miezi kumi na minane tu. Mlichelewa wapi?"

Marisa alifunga mdomo.

"Miezi kumi na minane na dola elfu sita, Daktari," alisema Darlene, akimwongezea mboga. "Tuliuliza."

Daktari akazidi kuwa mwekundu, akaomba radhi, na kusema kweli aliomba kwa dhati. Kisha, ili kuondoa aibu, akatumbukia kwenye kubwa zaidi. "Haya, Marisa, tusizungukezunguke. Sisi ndio chaguo lako la kwanza, sivyo?"

Lou aliacha kutafuna. Darlene alishika kijiko hewani. Bi Ackley alitazama daftari lake kwa adabu, lakini masikio hayakuwa kwenye daftari.

Marisa alikuwa amejiandaa kwa swali hilo tangu Septemba. Jibu la Aldenbury alilikariri mbele ya kioo, na la Wexcombe vilevile, yote mawili mazuri, yote mawili yakianza na maneno "Tangu nikiwa mdogo." Sasa alifungua mdomo, na majibu yote mawili yakataka kutoka kwa pamoja, yakakwama mlangoni.

"Sijui," alisema. Kisha kicheko kikampanda kooni, hakukizuia. "Kweli kabisa sijui! Nina kiapo kimoja na nyinyi mko wawili, na bibi yangu amewaleta siku moja, na nguo zetu zimo kwenye tanuri!"

Daktari alicheka mpaka tai ikaingia kwenye mchuzi. Hata mdomo wa Bi Ackley ulitikisika.

"Hilo swali mimi siliulizi," alisema Bi Ackley. "Niambie jambo jingine. Unafanya nini wakati hakuna mtu aliyekuagiza kitu?"

Hilo Marisa hakulikariri. "Ninapima chumvi," alisema.

"Chumvi ya nini?"

"Ya barabarani. Ile wanayomwaga ili barafu iyeyuke. Nachota maji ya kijito nyuma ya karakana ya malori, kila Jumamosi, mwaka wa pili sasa. Mitungi midogo ya kioo iko chini, rafu moja na nyanya za Nonna."

"Nusura nipikie mmoja," alisema Nonna.

"Na umegundua nini?" Bi Ackley alikuwa ameshaweka uma chini.

Marisa alimtazama baba yake mara moja, haraka. Hili hakuwahi kulisema nyumbani. "Nilidhani chumvi itakuwa nyingi Januari, wakati malori yanamwaga. Lakini miaka yote miwili imekuwa nyingi zaidi Agosti. Inazama ardhini majira ya baridi, halafu inarudi polepole kijitoni wakati wa kiangazi, maji yakipungua. Mvua haiiondoi."

Lou aliweka glasi mezani. Shati lake moja lilikuwa limembana shingoni. "Kwa hiyo mimi ndiye ninayeharibu kijito."

"Sikusema hivyo, Baba."

"Umeandika mahali?"

"Insha yangu ya maombi. Maneno mia sita na hamsini."

"Na mimi nimo?"

"Umo. Sentensi ya kwanza."

"Isome."

"Baba..."

"Nimesema isome. Wageni hawa wamekuja kujua habari zetu, basi na mimi nizijue."

Marisa aliijua kwa moyo. "'Kuanzia Desemba hadi Machi baba yangu hulala na viatu miguuni, ili watu wa Tillbrook wafike kazini wakiwa hai. Swali langu ni kama anaweza kuwafikisha kwa chumvi kidogo zaidi.'"

Daktari aliomba apewe mkate, kwa sauti ya chini. Lou alitazama kitambaa cha Pasaka. Kisha akakunja uso, si kwa hasira, bali kama anavyoukunja akisikia mlio mgeni kwenye injini.

"Agosti, ulisema?"

"Agosti."

"Nyuma ya karakana." Akapiga meza, sahani zikaruka. "Paa! Lile banda la chumvi, upepo ulichukua paa mwaka juzi, tukafunika na turubai. Turubai lenyewe limetoboka kama chujio! Haitoki barabarani yote, mwanangu, lile rundo linavuja lenyewe mwaka mzima! Nimewaambia wakubwa mara ngapi? Wananiambia wewe endesha lori."

"Una tarehe?" aliuliza Marisa, ameshainuka nusu kwenye kiti. "Tarehe paa lilipong'oka?"

"Ninayo kwenye daftari la lori!"

"Je, ulipima kijito kule juu kabla hakijafika karakana, na kule chini kikishaipita?" aliuliza Bi Ackley. "Ukichota juu ya rundo na chini ya rundo, utatofautisha chumvi ya rundo na ya barabara."

"Chini tu," alisema Marisa, akijipiga paji la uso. "Mjinga mimi! Chini tu!"

Ikawa zogo. Lou alichora karakana kwenye leso ya karatasi kwa mchuzi wa nyanya. Bi Ackley aliuliza maji yanaelekea wapi, akaambiwa, akabisha, akachorewa tena. Marisa alikimbia chini, akarudi na mitungi minne. Daktari alimaliza sahani ya tatu, akamwambia Darlene kwamba mboga zile zilistahili kupewa shahada.

Wakati wa kahawa, wakiwa wamerudi sebuleni kwenye sofa, Lou alilitoa lile lililokuwa linamkaba. "Mama wakili, niambie ukweli. Nikitia saini, halafu waje na bei nisiyoiweza?"

"Pesa huwa zinapatikana tu!" alisema Daktari kwa furaha.

"Kwako, labda," alisema Bi Ackley, na kwa mara ya kwanza alisahau plastiki na adabu, vyote viwili, akasogea mbele. "Bwana Scalzetti, kama msaada watakaowapa hautoshi, mnaweza kujitoa kwenye kiapo. Lakini itabidi muoneshe kwa hesabu kwamba hautoshi. Wapigieni ofisi ya ada kesho, waulizeni utaratibu, na majibu myatake kwa maandishi. Chuo chochote kati ya hivi viwili. Msikubali ahadi ya mdomo. Hata yangu."

*

Walipoondoka, Daktari na sahani ya nne iliyofungwa kwa karatasi ya fedha, Nonna alibaki amesimama mezani, sahani ya Bi Ackley mkononi. Ilikuwa imejaa. Tambi zimeganda, mboga zimenywea.

"Basi imekwisha," alisema. "Aldenbury. Mwanamume amekula kama binadamu. Huyu mwingine hakugusa. Mtu anayekuja kwako, asile, huyo hakutaki."

"Saa moja na nusu," alisema Darlene haraka. "Nami naona hivyo hivyo."

Marisa alimtazama mama yake, na akajua kwamba atakayoyasema yatamuuma, na kwamba hata hivyo mguu wake unacheza chini ya meza, hautulii, kama wa mtu anayesikia muziki nyumba ya jirani.

"Nonna, Daktari aliniuliza nini?"

"Aliuliza mambo mengi. Mwanamume mchangamfu."

"Aliniuliza kama nawapenda wao. Basi. Yule mama chakula kimempolea kwa sababu alikuwa ananiuliza mimi. Kila akiinua uma anapata swali jingine, anaushusha. Nilimwona. Mara tatu umefika mdomoni ukarudi."

Nonna aliitazama sahani. Aliizungusha, kama vile upande wa pili ungemwambia kitu tofauti. Uma ulikuwa umechomekwa kwenye tambi moja, moja tu, tayari kwa safari ambayo haikufika.

"Kumbe alishiba chumvi," alisema mwishowe.

"Wexcombe," alisema Marisa. Kulisema kwa sauti kulimfanya aruke pale pale alipo. "Ni Wexcombe, Mama! Nimeamua! Ee Mungu wangu, nimeamua!"

Darlene aligeukia sinki, akafungua maji kwa nguvu. "Saa tano," alisema. Kisha, mgongo bado umegeuka, "Nitaigandisha. Supu iliyoganda husafiri vizuri. Wewe Lou, acha kunitazama hivyo, tafuta hiyo tableti."

*

Jumatatu Darlene alipiga simu ofisi ya ada ya Wexcombe wakati wa mapumziko yake kantini, kofia ya wavu kichwani, na hakukata mpaka mtu wa upande wa pili alipokubali kuandika. Barua yenye utaratibu wa kujitoa ilifika Jumatano, sahihi na jina la mwandishi chini yake. Lou aliisoma amesimama, akaisoma amekaa, akaiweka mfukoni kwenye shati lake moja.

Alhamisi, baada ya chakula cha jioni, walikusanyika wote wanne mbele ya tableti. Mwalimu mshauri alishatia saini tangu mchana. Ikabaki ya mzazi. Lou alisoma kiapo chote kwa sauti, neno kwa neno, kama anayesomewa haki zake. Kisha akaandika jina lake kwa kidole kimoja. Alikosea. Akafuta. Alikosea tena. "Kidole hiki kinasukuma tani kumi na mbili," alisema, "lakini herufi Z inakishinda." Nonna aliomba naye atie saini, akaambiwa hakuna nafasi, akasema huo ni upungufu wa chuo.

Marisa alibonyeza kutuma. Kioo kikamwagika vipande vya karatasi za rangi, kama harusini, na sauti iliyotoka kwake haikuwa neno katika lugha yoyote. Alimkumbatia baba yake, baba akamkumbatia Darlene, Nonna akawakumbatia wote kwenye kiuno, hapo ndipo mikono yake ilipofika.

"Sasa wanajibu lini?" aliuliza Lou, pumzi ikimpaa.

"Katikati ya Desemba."

"Na wakikataa?"

"Basi nitakuwa nimekataliwa na mahali ninapopataka," alisema Marisa. "Nitabisha kwingine Januari." Alishangaa jinsi maneno yale yalivyotoka mepesi.

Ikabaki kazi moja, na hiyo ilimtoa jasho kuliko insha. Alimwandikia Daktari Vandermolen kwamba anashukuru sana, kwamba ametoa kiapo chake kwa Wexcombe, na kwamba anaomba asimchukulie vibaya. Aliandika barua hiyo mara tano. Nonna alisimama nyuma ya kiti akitaka kujua kama ameweka salamu.

Jibu lilikuja kabla hawajamaliza kuosha vyombo. Marisa alilisoma kwa sauti. Daktari alimpongeza, akasema Wexcombe wamepata bahati wasiyostahili. Kisha, katika mstari wa peke yake, aliuliza kama ule mwaliko wa Jumapili ulitegemea maombi ya chuo, au uko wazi kwa mtu yeyote mwenye njaa.

Nonna alikausha mikono taratibu.

"Maskini," alisema. "Andika: saa saba. Na Marisa, yule wakili mwambie naye aje. Nitamkalisha mbali na wewe, ale."